Mama wa Kibiwott Yuko Ukutani

Endebess. Jumapili, 5 Juni 2022

Mvua tangu asubuhi. Mahindi yamefika magotini, na magugu yamefika magotini pia. Mama mkwe amerudi kanisani na amri mpya: nisafishe picha ya sebuleni kabla ya uchaguzi wa Agosti.

Mimi kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Kinyozi, bucha, dawa za mifugo, ng'ombe anayetabasamu kwenye ukuta wa duka la maziwa. Nilijifunza Bungoma, nikaolewa na Kagwe huku miaka miwili iliyopita. Kwa mamake, rangi ni rangi. "Wewe si ni mtu wa rangi?" aliniambia. "Basi osha hiyo."

Picha yenyewe ni kubwa kama meza ya watu sita. Wazungu waliojenga nyumba hii waliiacha walipoondoka, na marehemu baba mkwe Muturi akainunua nyumba picha ikiwa ukutani. Ni msitu wa miti minene, mwanga wa jioni umepenya katikati, na chini yake watu watano wadogo. Wanaume wawili wamebeba kuni. Mwanamke wa kizungu amekaa juu ya jiwe na mtoto wake. Na pembeni kulia, chini ya mti mkubwa kuliko yote, amesimama mwanamke mweusi wa gauni la bluu na kitambaa kichwani. Huyo ndiye Mama wa Kibiwott. Moshi wa magunzi umewatia wote giza, yeye zaidi.

Mzee Kibiwott ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipofika langoni kwetu na petroli kuwachoma waliowaita wageni, alisimama mbele yao na fimbo yake akasema, "Huku ndani kuna mama yangu." Walimheshimu, wakapita. Nyumba tatu za jirani ziliungua na hii haikuguswa. Tangu hapo, kila mwaka wa uchaguzi, siku chache kabla ya kura, Mzee huja na kibuyu cha maziwa ya mursik, huketi chini ya picha, hunywa chai mlango ukiwa wazi ili kila apitaye barabarani amwone. Bila chai hiyo Mama mkwe hapati usingizi.

Alhamisi, 9 Juni

Palizi. Mgongo umekataa kunyooka.

Jumamosi, 18 Juni

Leo nimeharibu kazi, na kazi ya mkono wangu ndiyo mlo wangu.

Nilianza vizuri. Wiki nzima nilikuwa nasugua pembe moja ya picha kwa nyama ya mkate, taratibu, jinsi mwalimu wangu Festus Khisa alivyonifundisha. Leo asubuhi Mama alipita na beseni la kuku, akasimama nyuma yangu. "Ngai, Agneta. Kwa mwendo huo utamaliza Krismasi. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni."

Ningekataa. Lakini nilijaribu kwenye anga, na anga ikatoka dhahabu. Nikajaribu wanaume wa kuni, mashati yao yakatoka mekundu. Nilikuwa naimba. Nikaona hata kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kukisema: miti ile si ya hapa. Wao husema ni msitu wa Elgon. Mimi nimekata kuni kwenye msitu wa Elgon, na hakuna mti wa majani yale. Nikajisifu kwa kuwa na macho. Nikahamia kulia.

Nilipitisha kitambaa mara moja. Kikarudi na bluu. Nikadhani ni uchafu, maana uchafu wa miaka mingi huwa na rangi za ajabu. Nikapitisha mara ya pili. Nilipoinua mkono, mbele yangu palikuwa na gome la mti, zima, limechorwa vizuri na kuvu wake na nyufa zake, na hapakuwa na mtu.

Niliangalia kitambaa. Mama wa Kibiwott alikuwa mle ndani, bluu na weusi, kama maji ya kufulia sare ya shule.

Jumapili, 19 Juni

Jana niliifunika picha kwa kanga; leo nilimwambia Mama kabla ya kanisa. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye kiti na kofia yake ya kanisani, akautazama ule mti mtupu.

"Kuna nani anajua?"

"Hakuna."

"Kagwe?"

"Ameenda Kitale na maziwa. Hajaona."

"Basi hakuna mtu atajua. Wewe si unachora? Mrudishe."

"Mama, si ni afadhali tumwambie Mzee mapema?"

"Mwaka huu?" Akasimama. "Agneta, wewe mwaka wa 2008 ulikuwa kwenu Sirisia unalala. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye mtaro, nimelala nimemkumbatia Kagwe. Mrudishe."

Nikaenda kutoa brashi zangu.

Jumamosi, 25 Juni

Nimemrudisha. Mama amenitolea picha moja ya zamani, Kagwe akiwa darasa la nne, amesimama mbele ya ukuta. Nyuma ya sikio lake kuna alama ya bluu. Hiyo ndiyo sampuli yangu. Uso hauonekani. "Alikuwa na uso gani?" nilimuuliza Mama. "Wa upole," alisema bila kusita. "Alikuwa anakutazama moja kwa moja. Hata ukihama kiti anakutazama tu."

Nimempa uso wa upole. Nimetumia rangi yangu ya mabango, ile inayostahimili jua na mvua. Huyu hatafutwa na mtu.

Jumamosi, 2 Julai

Kagwe amesema picha imeamka. Mama ameleta wanawake wa kanisa waione, na wote wamesema Mama wa Kibiwott ndiye mzuri kuliko wote. Ninajua si adabu kuandika hivi, lakini ni kweli, ni kazi nzuri. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Ijumaa, 8 Julai

Jirani Gathii amepakia magodoro na watoto kwenye pikapu. Anasema ni likizo tu, wanaenda kwa shangazi. Likizo gani ya kubeba kabati?

Bungoma. Alhamisi, 14 Julai

Nimekuja kununua rangi na kumsalimu Festus. Nilibeba kile kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aniambie si kosa langu.

Festus amezeeka lakini karakana yake mtaani bado inanuka vilevile, na ulimi wake bado unasema langi kwa rangi. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa kitambaa, akakinusa, akakilowesha ncha kwa mate, akakisugua kwenye ukucha.

"Agneta, hiyo picha ya mzungu ni langi ya mafuta. Ya mafuta, hata ukiosha na sabuni mwaka mzima haitoki hivi. Ulitoa anga?"

"Anga haikutoka. Ilisafika tu."

"Umeona? Sasa huyu mama ni kitu kingine. Huyu ni bluu ya kufulia nguo. Bluu na wanga na masizi. Huyu aliwekwa juu baadaye." Akanirudishia kitambaa. "Mtu alimchola na vitu vya dobi."

"Nani anaweza kufanya hivyo?"

"Mimi nitajuaje? Uliza nani alikuwa anafua kwa huyo mzungu."

Nililala kwa kaka yangu Wakhungu. Walinipikia kuku mzima na sikuonja ladha yake.

Endebess. Ijumaa, 15 Julai

Nilimkuta Mama anachambua maharagwe. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za zamani tu, ni nani alikuwa dobi wa wazungu wa nyumba hii.

"Si ni Kibiwott?" akasema. "Alifua hapa tangu akiwa kijana hadi siku wazungu walipofunga masanduku. Ndiyo maana alijua picha ya mamake iko hapa. Mzungu alimchora akiokota kuni."

Mzungu hakumchora huyo mama. Nilikwenda sebuleni nikasimama mbele ya kazi yangu nzuri, na yule mwanamke wangu mwenye uso wa upole akanitazama moja kwa moja, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatano, 20 Julai

Nimemwambia Mama yote aliyosema Festus. Amekasirika, tena si kidogo.

"Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi! Kama ni yeye alichora, atajua mara moja si yake."

"Ndiyo maana ni lazima tumwambie."

"Macho yake yameisha. Ana miaka themanini. Ataona bluu, atakunywa chai, ataenda. Baada ya kura mwambie unachotaka."

"Mama, siwezi kumwonyesha mtu kazi yangu akaiita mamake."

"Na mimi siwezi kulala kwenye mtaro tena. Niko na magoti mabaya."

Hatujasemezana tangu mchana. Kagwe anauliza kuna nini, tunajibu kwa pamoja kwamba hakuna.

Jumatatu, 25 Julai

Mahindi yamechanua. Gari la kampeni limepita mara nne na spika zake, na kila likipita Mama hufunga madirisha ya upande wa barabara, kisha huyafungua tena ili watu wasiseme tunajificha.

Jumatatu, 1 Agosti

Jepkosgei, mjukuu wa Mzee, amepiga simu. "Aunty, tunakuja Saturday. Babu anataka nimpige picha na cucu yake wa ukuta, niweke kwa simu. Macho yake inaisha, anasema hii ndio ya mwisho."

Mama alinipokonya simu akasema karibuni sana, chai itakuwa tayari. Mjukuu wa watu hajui hata kwamba anayemwita cucu, yaani nyanya, ni mama wa babu yake. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Ijumaa, 5 Agosti

Mama alikwenda sokoni. Nilichukua wembe.

Rangi yangu haikuwa imeshika sana, kwa kuwa chini yake kulikuwa na mafuta ya moshi ambayo sikuyamaliza. Ilibanduka vipande vipande. Nilianza na uso, maana uso ndio ulikuwa unanitazama. Kazi ya wiki nzima ilitoshea kwenye kiganja. Mti ukabaki na mikwaruzo miwili ambayo nitaibeba mimi.

Mama aliporudi aliona kabla ya kutua kikapu. Alianza kuosha vikombe vya wageni.

Jumamosi, 6 Agosti

Walifika saa nne. Mzee alivua kofia mlangoni, akashika fimbo kwa mkono mmoja na kibuyu kwa mwingine. "Chamgei, Mama Kagwe. Mko wazima?" Mama alijibu kwa sauti nyembamba kuliko yake. Mlango uliachwa wazi kama desturi. Barabarani watu walikuwa wakipita kwenda sokoni, na kila mmoja aligeuza shingo.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye picha. Alisogeza uso karibu hadi pua ikakaribia kugusa mti.

"Mama yangu ako wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima tangu alfajiri. Yote yalinitoroka. "Mzee, nimemfuta. Ni mimi. Nilikuwa naosha picha. Nikamchora mwingine ili usijue, halafu nikamtoa huyo pia, kwa sababu hakuwa yeye."

Mama aliitua trei ya chai mezani. Jepkosgei alishusha simu.

Mzee aliweka kidole kwenye gome la mti. "Ulitumia nini?"

"Maji na sabuni."

"Maji," akasema. Akasugua kidole kwenye gome, akarudia. "Eeh. Maji inatosha."

Akavaa kofia. Akachukua kibuyu chake, hakijafunguliwa, akatoka. Jepkosgei alimkimbilia, "Babu, na chai?" Hakugeuka. Watu wa barabarani wakamwona akija na kibuyu na wakamwona akirudi nacho, chini ya dakika tano.

Mama alimwaga chai yote, akaosha birika. Halafu akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Sasa umetuchomea nyumba, msichana yangu."

Jumapili, 7 Agosti

Mama ametoa vyeti vya shamba kwenye sanduku akavifunga kwenye kanga.

Jumatatu, 8 Agosti

Kagwe amejua yote. Alikwenda ng'ambo ya mto kuomba radhi kwa niaba yangu. Jepkosgei akamwambia kwamba Mzee hayupo, ametoka asubuhi na mapema, hakusema anakwenda wapi. Mtu wa miaka themanini, siku moja kabla ya kura.

Jumanne, 9 Agosti

Tumepiga kura. Foleni ndefu, kimya. Mama Chepngeno wa dukani hakunisalimu. Labda hakuniona. Siku hizi nahesabu ni nani hakuniona.

Alhamisi, 11 Agosti

Bado wanahesabu. Maduka yamefungwa. Ng'ombe wamekamuliwa na maziwa hayana pa kwenda, tunawapa ndama na mbwa.

Ijumaa, 12 Agosti

Vijana sita wamesimama kando ya lango saa nzima. Hawakufanya kitu. Kagwe alikaa na panga mapajani akijifanya ananoa. Ninajiuliza kama ukweli wangu ulikuwa ukweli au kiburi tu, kama kile cha uso wa upole. Ninamwogopea Mama. Ninaogopa kwamba alikuwa sahihi.

Jumamosi, 13 Agosti

Saa tatu asubuhi lango liligongwa kwa fimbo.

Mzee Kibiwott alikuwa amevaa koti lake refu jeupe la udobi wa zamani, limekuwa njano kwenye mikunjo, vifungo vimebaki viwili. Alipita katikati ya wale vijana, wakampisha. Mkononi alikuwa na kibuyu, na kwenye mfuko wa koti pakiti ya karatasi.

"Maduka yote ya Endebess wako na ile bluu ya maji, ya chupa," alisema kabla hata ya salamu. "Ile si bluu. Nimetafuta mpaka Kitale. Kitale wamefunga. Nimeenda mpaka Kiminini, nikalala kwa binti yangu siku nne nikingoja mwenye duka afungue." Akatoa pakiti. Ndani kulikuwa na vidonge vya bluu vya zamani, vile vya kufungwa kwenye kitambaa. "Mama Kagwe, nipatie maji. Na wanga. Na masizi ya sufuria. Na mlango usifunge, mimi macho yangu inataka mwanga."

Mama alisimama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akakimbia na magoti yake mabaya.

Alipokuwa akiponda kidonge alinisimulia, akitazama bakuli. Mamake alikufa wakati yeye akifua katika nyumba hii. Aliomba ruhusa ya siku moja, bibi wa mzungu akamwambia mashuka hayajaisha. Alipofika nyumbani walikuwa wamemaliza kuzika. "Nikarudi kazi. Nikaangalia hii picha ya bibi. Watu wametulia kwa miti, hakuna mtu anawaambia mashuka haijaisha. Nikasema, na mama yangu pia aingie." Bibi alipoona, alilia kwa hasira, akasema picha imeharibika, siku ya kuondoka akaiacha ukutani. "Hiyo ndiyo ilinifurahisha. Waliondoka, mama akabaki."

"Mzee, nilikosa sana," nikasema. "Na uso niliompa pia haukuwa wake."

Akageuka. "Uso? Ulimpa uso?"

"Mama alisema alikuwa anatutazama."

Mzee alicheka hadi fimbo ikaanguka. "Mimi uso nilishindwa! Nilimpa mgongo! Mama Kagwe, miaka hii yote mama yangu amekupa mgongo, na wewe unasema anakutazama?" Mama alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika, na nikaona kwamba analia na kucheka.

Siku nzima Mzee alichora kitambaa cha kichwa. Kitambaa tu. Nilimshikia bakuli. Alipoondoka alisema, "Kesho narudi. Kazi haijaisha."

Jumapili, 14 Agosti

Alikuja baada ya kanisa. Bega la kushoto. Alikunywa vikombe vitatu vya chai, kiti chake kikitazama mlango.

Jumatatu, 15 Agosti

Wametangaza. Kuna waliopiga honi na kuna waliofunga milango. Mzee alifika saa mbili asubuhi na akaondoka jua likishuka. Bega la kulia.

Jumatano, 17 Agosti

Mkono mmoja.

Jumamosi, 20 Agosti

Leo hakuchora kitu. Aliketi. Nilipomuuliza kama achanganyiwe bluu, alisema, "Ngoja. Bado naangalia."

Jumanne, 23 Agosti

Mambo yamekwenda kortini, na watu wanangoja tena. Mkono wa pili.

Ninaandika hili polepole ili niliamini. Nimekuwa na brashi mkononi miaka kumi, na mwanamke wa ukubwa ule ni kazi ya saa moja, hata kwa mkono unaotetemeka. Leo nilimtazama Mzee badala ya picha. Kila gari likipita alijiegemeza mbele kidogo ili koti lake jeupe lionekane kutoka barabarani. Halafu akarudi nyuma, akachovya brashi kwenye bakuli lililokuwa limekauka.

Nilimwongezea maji.

Jumatatu, 29 Agosti

Gauni hadi kiunoni. Mahindi mabichi ya kuchoma, Mzee amekula mawili. Wale vijana sasa wanamsalimu kupitia dirishani: "Mzee, mama amefika wapi?" Anawajibu, "Kiunoni!"

Jumatatu, 5 Septemba

Korti imeamua. Jioni kimya, kisha ng'ombe, kisha redio ya mtu, kisha watoto wakicheza barabarani. Gathii amepiga simu kuuliza kama mvua inanyesha huku, maana yake ni kama anaweza kurudi. Mama amemwambia inanyesha vizuri tu.

Jumanne, 6 Septemba

Leo Mzee alimaliza gauni lote kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Mkono wake ulikuwa thabiti kama wangu. Akachora mguu wa kulia. Akaosha brashi, akakunja koti.

Mama wa Kibiwott amerudi chini ya mti wake, ametupa mgongo, anaingia msituni. Nilimwambia Mzee ninaweza kumpaka vanishi juu ili asifutike tena.

"Usiweke. Mwache na maji yake."

"Na mguu wa kushoto?" nikauliza. "Mzee, umesahau mguu mmoja."

Alivaa kofia, akapapasa ukuta hadi mlangoni. Jepkosgei alikuwa akimngoja langoni.

"Sijasahau," alisema. "Huo nitakuja kumaliza uchaguzi ingine."

Uchaguzi mwingine atakuwa na miaka themanini na mitano. Nimekifunga kidonge cha bluu kilichobaki kwenye kitambaa kikavu, nikakiweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo unyevu na panya hawafiki.